Kenge Wangu na Sungura wa Hidaya

Jumatatu, 5 Mei
Leo midoli tisa imeondoka kwenda chekechea ya Mwalimu Bernadeta. Wanachama wa ushirika wetu ni tisa, kila mtu kashona mmoja. Kanuni ni ileile ya kila mwaka: midoli inakaa na watoto hadi Ijumaa, na utakaokutwa mchafu kuliko yote ndio mshindi, kwa sababu mtoto hachafui asichokipenda. Mwaka mzima tutashona huo tu. Na aliyeubuni anahamia meza ya kukatia kitambaa, dirishani, penye upepo wa mlimani.

Mimi nina miaka mitatu kwenye kona ya kujazia sufi. Sufi ya Mkuyuni iko puani, iko masikioni, jana nimeikuta kwenye ugali. Nimepiga chafya mara kumi na moja nikiandika haya. Mwaka huu natoka!

Nimeshona kenge. Kijani, ulimi mwekundu wenye urefu wa mkono. Hidaya, wa cherehani ya mbele yangu, kashona sungura mweupe. Sungura tena! Aliutazama ule ulimi, akasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Wote wakacheka. Wivu tu.

Jumanne, 6 Mei
Nimepita chekechea, eti nakagua mishono. Sungura ana uji kichwani na sikio moja limetafunwa. Kenge wangu yuko juu ya kabati, anang'aa.

Nikauliza kulikoni. Mwalimu akanishukuru sana. Asiyetaka kulala mchana anaonyeshwa kenge, na sasa darasa zima linalala kabla halijaambiwa. Nikatabasamu. Moyoni nalia.

Jumatano, 7 Mei
Akili ni mali! Nimerudi watoto wakiwa wamelala na Mwalimu akiwa jikoni. Nimempaka kenge mchuzi wa maharage uliobaki kwenye sahani, masizi ya sufuria na udongo wa uani. Kazi safi kabisa, yaani chafu.

Kisha nikamwona sungura, kakumbatiwa na mtoto mmoja aitwaye Raya. Bado kamzidi wangu! Uchafu wa siku tatu hauigiki. Njia imebaki moja: sungura aoshwe.

Alhamisi, 8 Mei
Nimekwenda na kipande cha sabuni mfukoni. Nikamchomoa sungura polepole mikononi mwa Raya, nikachuchumaa bombani. Niko sikio la pili, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Mwalimu! Nikasema nafua. Na kweli nilikuwa nafua.

Machozi yakamlengalenga. "Kaka Hatibu," akasema, "mwanamume wa kufua midoli ya watoto bila kuombwa sijapata kumwona."

Akaniletea beseni na midoli minane iliyobaki. Juu kabisa, kenge wangu. Jasho langu lote la jana! Na sufi haizami: nikimkandamiza twiga, tembo anaibuka. Kumbe ule ulimi unachuja rangi. Hadi alasiri midoli minane imekuwa ya pinki. Kenge mwenyewe kawa rangi ya mchicha uliolala.

Ijumaa, 9 Mei
Asubuhi tumekwenda wote tisa kuamua. Midoli bado iko kwenye kamba inachuruzika, maana mawingu ya Uluguru hayajaondoka tangu jana. Yote misafi. Mama Magreth, mwenyekiti wetu, akasema basi mwaka huu hakuna mshindi. Nikauona mlango! Nikashauri tupige kura, kila mwanachama kura moja, ndivyo ushirika ulivyo. Njiani nilikuwa nimeshawaahidi wanne kuwabebea magunia ya sufi.

Hapo Hidaya akanyoosha kidole. Raya alikuwa amesimama chini ya kamba, kashika sikio la sungura, maji yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Mwalimu akasema yuko pale tangu amefika, hata uji kakataa. Mama Magreth akainama, akamuuliza anangoja nini.

"Akauke," akasema Raya.

Mama Magreth akasema basi kura ipigwe. Wanaomtaka sungura wakaambiwa wanyooshe mikono. Ikanyooka tisa. Wa kwangu ulinyanyuka wenyewe, na nimeulaumu jioni nzima.

Jumamosi, 10 Mei
Hidaya kahamia dirishani. Tunashona sungura wa pinki, kwa kuwa Raya kaonyeshwa mweupe na kamkataa. Ikaulizwa nani anajua kuipata ile rangi. Mwalimu Bernadeta alikuwa ameshapeleka sifa zangu. Nimechaguliwa mfuaji wa ushirika, kura nane kwa moja. Kona ya sufi nabaki nayo, na beseni juu yake. Hidaya kanishonea kitambaa cha kuziba pua, kina kenge mdogo pembeni. Nimemshukuru. Hajui anacheza na nani.

Maana kosa langu nimeliona! Kumbe siri siyo uchafu, ni kusimama chini ya kamba. Leo nimemwazima Glory, mtoto wa jirani, ana miaka mitano. Nimemfundisha kushika mkia wa kenge na kusema "Akauke." Anasema vizuri sana. Tatizo ni kwamba kila akimwona kenge analia. Nimemwambia asijali, mwakani machozi nayo yatatufaa.