Mkalimani wa Neno Moja

Jumatatu, 7 Juni 1976

Bahati imenijia na karanga! Chausiku, muuza karanga wa stendi ya Kahama, kanifungia zangu kwa karatasi iliyochanwa kwenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Juu imeliwa na panya, chini imelowa mafuta. Neno moja tu linasomeka zima: rough. Lakini neno lenyewe! Maelezo yake nusu ukurasa. Mkono usio laini ni rough. Barabara yenye mashimo, rough. Sauti ya kukwaruza, ziwa lililochafuka, mbao isiyopigwa randa, hata hesabu ya kukisia: zote rough! Ukiwa na neno hili, mengine unayatakia nini? Nimelala nalo mdomoni.

Jumatano, 9 Juni

Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti Mabula katangaza kwamba Jumamosi anakuja mhandisi Mzungu kukagua barabara yetu. Kiswahili hajui. Nani atamfasiria? Athanas akaanza kuinuka taratibu, kwa maringo ya miaka yake miwili ya seminari. Mimi nilishasimama! Nisingekubali. Mzee Maduhu alikuwepo, na kishasema binti yake Eufrasia atamwoza mtu msomi. Yaani mimi au Athanas.

Athanas akanipima kwa Kiingereza mbele ya watu. Nikajibu kwa sauti nzito: rough! Makofi. Kazi nimepewa mimi. Baadaye Athanas kaniambia alikuwa ameniuliza hali ya mama yangu. Mama ni mzima kabisa. Wivu unamsumbua.

Jumamosi, 12 Juni

Mgeni kafika saa tatu nzima baada ya muda wake, vumbi hadi kwenye kope, bomba la moshi la Landrova likiburuta chini. Mwenyekiti alinionya: sifia kila kitu, tusionekane walalamishi.

Mwenyekiti akaanza: mwambie barabara yetu ni nzuri mno. Nisifie kwa neno gani? Ninalo moja! Nikaonyesha barabara: rough! Mgeni akaandika. Mwenyekiti akasema daraja letu ni imara. Rough! Akaandika. Mwenyekiti akasema vijana wetu ni wachapakazi. Nikamshikisha mgeni viganja vyangu: rough! Akacheka mpaka akaegemea gari, akanipa mkono mara mbili. Raha niliyosikia!

Kumbe Athanas yuko sikioni mwa Mwenyekiti, anamweleza kila nilichosema. Mabula kanitazama kama nimemchomea ghala. Mzee Maduhu katamka hadharani kwamba mwanawe haendi kwa mwongo. Eufrasia kainamisha kichwa. Nimelia njia nzima hadi nyumbani. Naandika hivi kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jumatatu, 21 Juni

Greda! Limeingia asubuhi, la njano, linanguruma. Wanawake wakalipigia vigelegele. Mwenyekiti kasoma barua kutoka wilayani: mhandisi alipita vijiji sita, vyote vikamwambia barabara ni nzuri, basi kaviacha na uzuri wao. Sisi peke yetu tulisema kweli. Malori ya pamba yatafika mpaka ghalani! Nimebebwa juu juu. Hata Athanas alishika mguu mmoja, ingawa aliuminya.

Jioni Mzee Maduhu kaniita. Nikamwamkia shikamoo, kaitikia marahaba bila kununa. Kasema Eufrasia ni wangu kwa sharti moja: nisidai tena kujua nisichokijua. Nikaapa kwa jina la marehemu baba. Nyuma ya mlango nikamsikia Eufrasia anacheka. Mimi ni mtu mpya kabisa.

Jumamosi, 26 Juni

Mkutano tena. Nimekaa mbele, ubavuni mwa baba mkwe. Mwenyekiti katangaza kwamba wiki ijayo anakuja daktari wa mifugo, Mrusi. Kauliza nani anajua Kirusi. Athanas kaangalia chini. Mzee Maduhu kanishika mkono wa kulia, kaubana sana.

Nikanyoosha wa kushoto.