Manowari ya Daraja la Ghadhabu na Hotpoti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimemaliza kuchora manowari itakayowaziba watu midomo. Aina hii ya meli nimeiita Daraja la Ghadhabu. Katika tamthilia yetu ya vita vya nyota, Ghadhabu moja ina urefu wa mji mzima, inabeba jeshi pamoja na wapishi wake, na mzinga wake wa mbele unapasua mwezi katikati. Kwenye meza ya karakana ina urefu wa mlango wa choo. Basi! Kamera itajuaje?

Tatizo ni Miwani, fundi mwenzangu wa modeli. Yeye anatengeneza Daraja la Kobe. Manowari butu, rangi ya vumbi, haina hata pembe ya kutishia mtoto. Mwongozaji anasema sehemu ya mwisho ina tukio moja kubwa, meli moja tu, kamera karibu kabisa. Ataichagua meli hiyo keshokutwa au siku ya pili yake. Lazima iwe yangu! Nimekwisha kumtangazia mama mkwe kwamba ataiona kwenye televisheni. Yuko kwetu tangu mwezi uliopita, na kila mgeni akija humwambia kwamba mume wa binti yake anachezea makopo. Nami nimekaa hapo hapo kwenye kochi! Nataka siku moja tu anyamaze.

Jumanne, 5 Machi

Kulikuwa na usomaji wa mswada. Wote wamekwenda, mimi sikwenda. Fundi wa hadhi yangu hasomewi hadithi. Nikajifungia stoo kubandika mizinga (vifuniko vya kalamu) na injini (vikopo vya mtindi). Lakini tumbo je? Ghadhabu bila tumbo ni ubao tu.

Nikarudi nyumbani mchana, macho yakatua juu ya kabati la jikoni. Hotpoti ya mama mkwe! Mviringo safi, kifuniko kimeinuka vizuri. Alizawadiwa siku alipostaafu, ina maua ya waridi ubavuni, na haipakuliwi chakula mpaka aje mgeni wa heshima. Nimeiazima. Kuazima kimyakimya bado ni kuazima. Rangi ya kijivu imefunika waridi zote.

Jioni kaitafuta nyumba nzima. Nikajitia hamnazo. Alipozidi kuuliza, nikasema kwa upole kwamba mama wa ghorofa ya juu anapenda sana vyombo vya watu. Sikusema kaiba. Nilisema anapenda.

Jumatano, 6 Machi

Mama mkwe na mama wa juu hawasalimiani. Mambo madogo.

Kazini nimeisogeza Kobe dirishani, jua liipige vizuri. Kufika saa tisa rangi imebabuka ubavu mzima. Raha iliyoje! Mwongozaji akapita, akaiangalia sana, akasema sasa inaonekana imepigana vita kweli, iwekwe kwenye kabati la kioo isiguswe na mtu. Kwenye kabati! Maskini Miwani, meli yake imestaafishwa. Nikampa pole kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi. Akanitazama kwa huruma, akauliza kama niliusoma ule mswada. Nikamwambia wengine tunafanya kazi kwa kipaji.

Alhamisi, 7 Machi

GHADHABU IMECHAGULIWA!

Mwongozaji kasema ndiyo nzuri kuliko zote na watazamaji watalia. Nami nusura nilie. Miwani kanipa mkono, hana kinyongo hata kidogo. Hana moyo wa ushindani, ndiyo maana hafiki mbali.

Baadaye kaja Nyusi, fundi wetu wa moto na moshi. Tunamwita Nyusi kwa sababu hana hata moja. Kapima Ghadhabu mbele na nyuma, kagonga tumbo, kauliza kama ndani ni tupu. Nikasema tupu kabisa. Kafurahi mno. Nimeelewa mara moja: moshi wa injini! Nikamruhusu aweke mwingi apendavyo.

Nimealika jengo zima kuja kwetu kutazama kwenye televisheni. Isipokuwa mama wa juu, kwa sababu zinazoeleweka.

Ijumaa, 8 Machi

Wameilipua.

Siwezi kuandika. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera na shati jipya. Mwongozaji kahesabu, Nyusi kabonyeza, na Ghadhabu yangu ikapasuka puu! Watu wakapiga makofi. Miwani kaniambia taratibu kwamba hapa siku zote hulipuliwa iliyo nzuri kuliko zote, na iliandikwa kwenye mswada, ukurasa wa kwanza. Wivu tu.

Kifuniko kiliruka moja kwa moja kuelekea kamera. Moto ulikuwa umekula rangi. Niliziona waridi.

Jumamosi, 16 Machi

Leo sehemu ya mwisho imerushwa, nami nilijipanga. Sebule imejaa watu, mama mkwe kiti cha mbele, amevaa vizuri kabisa. Tukio lilipokaribia nikajipenyeza mlangoni, nikachomoa fyuzi. Giza! Nikapiga kelele kulaumu watu wa umeme.

Kumbe juu taa zinawaka. Mama wa juu, ambaye sikumwalika, akachungulia ngazini akasema kwake televisheni iko sawa, karibuni. Wote wakapanda! Hata mama mkwe. Nilimshika mkono nikimwambia ngazi zitamuumiza magoti. Akaniambia, “Niache, baba, leo nataka kuona kazi yako.” Ndiyo mara ya kwanza kuiita kazi.

Tulipofika, televisheni ikawa inalirudia tukio polepole. Polepole mno! Kifuniko kikaja kinazunguka, waridi moja baada ya nyingine, kikajaza kioo kizima.

Mama mkwe alinyamaza. Nilikitamani kimya kile, lakini si cha namna ile. Kisha akasimama, akamgeukia mama wa juu, akamwomba radhi mbele ya jengo zima. Mama wa juu akamkumbatia, wakalia wote wawili. Mimi hakuna aliyeniangalia. Nimeona aibu, nakiri. Mke wangu kanitupia shuka kwenye kochi.

Jumapili, 17 Machi

Nimelala vibaya lakini nimetafakari kwa kina, na kosa nimeliona. Rangi! Kuipaka mkono mmoja hakutoshi, ilitakiwa mikono mitatu. Waridi zisingeonekana kabisa.

Mwongozaji kapiga simu. Watazamaji wamelia kweli, anataka meli kubwa zaidi kwa msimu ujao. Daraja la Ghadhabu Kuu! Nimeanza kuichora hapa hapa kwenye kochi. Safari hii tumbo liwe refu, gumu, pembe za mviringo.

Mama mkwe ametangaza kwamba haondoki hapa mpaka hotpoti yake irudi. Kwa hiyo sanduku lake la safari liko tupu chini ya kitanda, halina kazi.