Diski Yangu Ndiyo Upepo

Jumatatu, 3 Novemba
Mama Tsai, mwenye studio yetu, katutangazia sote: filamu ya harusi ya binti wa mwenyekiti wa hekalu itaonyeshwa Jumapili mchana, karamuni. Atakayeimaliza kwanza ndiye mhariri mkuu. Yaani mimi! Wahariri tuko wawili tu, na Dada Shu-fen bado anatumia diski kuukuu inayonakili picha mpaka chai inapoa.

Jumanne, 4 Novemba
Nimenunua diski mpya. Kasi yake haijapata kuonekana katika mji mzima wa Hsinchu! Muuzaji kanionya kwamba dhamana ni ya miezi mitatu tu. Nikamwambia dhamana ya nini, mimi namaliza kwa siku tatu. Shu-fen kauliza kama nina nakala pembeni. Nakala ni za waoga.

Jumatano, 5 Novemba
Raha! Video za saa nzima zimeingia kabla sijamaliza mwayo mmoja. Nimemwita Shu-fen kobe. Kacheka, akaendelea na yake.

Alhamisi, 6 Novemba
Diski inachemka. Shu-fen anasema nipunguze kasi. Wivu! Mjini hapa kila mashine ya maana huwekewa pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi kama hirizi, isigome. Watu huweka moja. Mimi nimeweka sita! Mbili juu, nne ubavuni, zimebana kabisa kwenye matundu ya hewa. Sasa nina kasi na uhakika pia.

Ijumaa, 7 Novemba
Imekufa. Dakika nne kabla ya kumaliza! Nimelia, sioni aibu kuandika. Mama Tsai kaziondoa pakiti moja moja, akauliza kwa upole nani kaivika mashine blanketi.

Kumbe Shu-fen alikuwa ananakili kazi yangu kila jioni kwenye diski yake kuukuu. “Mdogo wangu, si nakujua wewe!” Kila kitu kipo, hadi cha jana jioni! Nimemkumbatia mbele za watu.

Jumapili, 9 Novemba
Karamu imefana. Bibi wa bwana harusi kacheka mpaka machozi. Shu-fen kamaliza kwanza, ndiye mhariri mkuu, na nimempigia makofi kwa moyo mweupe.

Ila dawa nimeipata. Nimenunua diski mbili kama ile, nitaziunganisha: kila video nusu huku, nusu kule. Kasi mara mbili! Shu-fen anasema ikifa diski moja, video zote zimekwenda. Wapi! Nusu ya harusi itabaki, na wageni wetu ile nusu ya kwanza huwa hawajafika.