Kompyuta Imenimalizia Ng'ombe

Noonkopir, Kitengela
16 Juni 2008

Kwa Mwenyekiti Ndambuki,
Kamati ya Darasa la Watu Wazima

YAH: KOMPYUTA YA DARASA KUTANGAZA KWAMBA SINA NG'OMBE

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, kwa sababu jambo lenyewe ni zito na magoti yako nayajua.

Tangu Mwalimu Katee aolewe Machakos, anatufundisha kwa kompyuta pale saiba ya Bishar, duka lake la intaneti. Sisi tunamwona kwenye kioo, yeye anatuona kwa kamera. Sikatai. Ako na programu ya kutuonyesha picha, ako na ya kutuma barua, na ile anayoipenda kuliko mumewe ni programu ya vijisanduku: unaandika mali yako, kila kitu sanduku lake, unabonyeza, inajumlisha yenyewe. Hiyo ndiyo naishtaki.

1. Jumamosi alituambia kila mtu aingize ng'ombe wake. Wewe ni Mkamba, lakini umekaa nasi vya kutosha kujua kwamba Mmaasai hahesabu ng'ombe. Ukiwahesabu unawaitia balaa. Tunawajua kwa rangi na kwa tabia, na asiyerudi jioni tunamkosa kama mtu. Basi nikaandika kwa heshima: Mwekundu wa pembe moja. Kijivu mvivu. Yule aliyenipiga teke mwaka wa El Nino. Mama yake. Nilijaza vijisanduku mpaka kidole kikafa ganzi. Nikabonyeza. Mashine ikasema jumla ni 0.

2. Mwalimu kule Machakos alicheka mpaka akatoka kwenye kioo, tukabaki tunatazama kiti. Aliporudi alisema mashine inataka tarakimu, haijui mambo ya teke. Nikamuuliza, kama haijui ng'ombe, ilipata wapi ujasiri wa kusema sina? Mimi nikiulizwa Bishar ako na ngamia wangapi kwao, nasema sijui. Sisemi sifuri.

3. Bishar, bila kutumwa na mtu, aliichapisha hiyo kazi yangu kwenye karatasi. Akaibandika ukutani, eti kazi za wanafunzi hubandikwa. Jina langu juu, sifuri chini. Sasa wanaongoja zamu ya kutuma barua pepe wanaisoma. Jana wanawake wawili wa kanisa walimletea mke wangu unga wa pole. Akawauliza ni nani amekufa. Wakasema wote.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mwanangu wa mwisho anataka kumuoa binti ya Tajeu, mwanafunzi mwenzangu ambaye tunatumia naye kompyuta moja. Tajeu aliiona hiyo sifuri kwa macho yake mawili. Mazungumzo ya mahari ni Jumamosi hii. Tangu siku hiyo ananisalimia polepole, na leo asubuhi alinilipia chai. Mwenyekiti, baba ya msichana akikulipia chai kabla ya mahari, hiyo ndoa inaumwa.

5. Mashine ikizoea, kesho itatuuliza watoto. Wangu nitawaandika kwa majina, kama nilivyozoea. Sitaki kuambiwa mbele ya darasa kwamba sikuzaa.

Kwa hivyo naomba karatasi ibanduliwe, Mwalimu Katee aandike barua yenye muhuri kwamba ng'ombe wapo, na mashine yenyewe iletwe bomani kwangu Jumatano asubuhi, iwaone kabla hawajaenda malishoni. Nitawapanga. Haina haja ya kuwahesabu. Iwatazame tu, ione haya.

Nisalimie mama watoto, wanakamati, na majirani wako wote isipokuwa yule wa jogoo. Bishar pia msalimie, ingawa si sana.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu, mwenye ng'ombe,
Saning'o

Baada ya kutia sahihi: Nilikuwa nalamba bahasha, shemeji yangu wa Kimuka akafika. Kila mwaka mwezi huu huja kuniomba ndama, na namna ya kumkatalia shemeji bado haijavumbuliwa. Leo alipitia kwa Bishar kwanza. Hakuomba kitu. Alikunywa chai, akanishika bega, akaniachia mbuzi mmoja wa kuanzia maisha. Kwa hivyo karatasi isibanduliwe. Ile barua ya muhuri apewe Tajeu peke yake, aisome na airudishe. Na Mwalimu aulizwe kama programu yake inaweza kuandika sifuri kubwa zaidi, inayosomeka kutoka barabarani. Niko na mashemeji wengine wawili.