Yah: Merikebu na Mke Wangu Aliyeko Kakonko

Heru Juu,
Kasulu.

Kwa Baba Mkwe, Mzee Reverien,
Kakonko.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA FILAMU ZA MERIKEBU, PAMOJA NA OMBI LA KURUDISHIWA MKE

Mwakeye, Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na migomba imeanza kufaidi mvua. Huku kwangu hatujambo, na ninaposema hatujambo nina maana ya mimi na kuku.

Nakuandikia kwa unyenyekevu mkubwa, nikijua kwamba mkwe hamwandikii baba mkwe wake kumlalamikia binti yake. Kwa hiyo simlalamikii Josepha. Nazilalamikia filamu. Josepha alikuja kwako mwanzoni mwa likizo yake, akawabeba na wajukuu zako wawili, akaniaga kwamba anakwenda kusalimia. Sasa likizo inaelekea ukingoni, nami nimesikia, si kwake bali kwa muuguzi mwenzake, kwamba anauliza habari za kuhamia hospitali ya Kibondo. Mtu aliyekwenda kusalimia haulizi habari za uhamisho. Ndiyo maana nimeshika kalamu, ili umrudishe kabla hajaandika barua ya kwake.

Chanzo cha yote ni banda la video la Nurudini, pale chini ya kijiwe cha bodaboda. Mzungu mmoja wa shirika aliyemaliza mkataba alimwachia Nurudini flashi iliyojaa filamu za merikebu, yaani zile meli za kale za vita zilizosukumwa na upepo. Mtafsiri ni Mulenda, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambaye huja kwa kibali siku za soko. Anakaa kando ya televisheni na kipaza sauti, anaeleza kila kinachosemwa na hata kisichosemwa. Nje Nurudini ameandika ubaoni: HISTORIA YA KWELI, HAKUNA KUDANGANYANA. Mimi nafundisha Historia sekondari, Baba. Nimechunguza kadiri ya uwezo wangu, na nasikitika kukujulisha kwamba ubao ule hausemi uongo. Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo. Naomba nitaje malalamiko yangu kwa namba.

1. Filamu hizi hazina uongo wa kutosha. Zamani Nurudini alituonyesha maharamia wenye visu mdomoni. Mtu mmoja aliua kumi kabla hajatua chini, merikebu ikalipuka, na hakuna aliyeuliza nani atafagia. Wanaume wa Heru Juu walitoka pale wakipiga kelele, wakafika nyumbani, wakavua viatu, wakangoja chakula. Filamu zile hazikumdhuru mtu. Hizi za sasa, vita yenyewe ni fupi kuliko sala ya kufunga kikao, na ikiisha wanaume walewale waliopigana wanachukua ndoo, wanapiga magoti, wanasugua damu. Kabla ya vita wanasugua. Siku ambayo hakuna vita wanasugua tangu kukucha. Watu wazima wenye familia zao wanakaa kwenye benchi kuangalia wanaume wakipiga deki, halafu wanasema wamestarehe.

2. Watu wetu wamezipenda kwa sababu ambazo sizielewi. Nilidhani watazomea. Siku ya kwanza mabaharia walionyeshwa wakigonga mikate mikavu mezani ili fukusi watoke, na banda zima likapiga makofi. Jirani yangu Obedi, mzee wa kanisa, alisimama akatangaza, "Hawa ni ndugu zetu kabisa. Kumbe na wao walikula ya mwaka jana." Tangu hapo hakuna wa kuwatoa. Wanabishana juu ya mafundo ya kamba, watu ambao mbuzi wao hufunguka kila siku na kula maharage ya shule. Brighton wa bodaboda, ambaye hajaona maji makubwa kuliko mto Malagarasi, ananieleza mimi upepo unavyotakiwa kuingia kwenye tanga. Na huyo Brighton sasa anashona. Aliwaona mabaharia wamekaa juani wakishona suruali zao, naye akanunua sindano. Anakaa kijiweni anatia kiraka makalio ya suruali mbele ya abiria. Nilimuuliza kama mkewe anaumwa. Akanijibu, "Mwalimu, mke wangu yuko fiti. Ila hao jamaa walizunguka dunia nzima hawana mwanamke hata mmoja, na hakuna aliyetembea uchi." Nikapanda bodaboda ya mwenzake. Jibu bado nalitafuta.

3. Firigisi. Unisamehe, Baba, kwa kuingiza jambo zito namna hii katika barua ya kawaida. Katika merikebu hizo nyama ikishakatwa, baharia mmoja hugeuza mgongo. Mwenzake anagusa kipande na kuuliza ni cha nani, na yule asiyeona anataja jina, ili asipatikane wa kusema amependelewa fulani. Obedi ameipeleka desturi hiyo nyumbani kwake. Jumapili kuku anakatwa, Obedi anageukia ukuta, mkewe Aneth anagusa na kuuliza. Jumapili iliyopita Obedi alitaja jina la binti yake wa chekechea, na firigisi ikaenda. Yeye, baba mwenye nyumba, aliangukia shingo, akaila yote, akasema haki imetendeka. Wewe umeona mengi, sina haja ya kukueleza jamii inayogawa firigisi kwa bahati inaelekea wapi. Leo ni firigisi, kesho ni kiti cha baba, na haitapita muda tutageukia ukuta ili ichaguliwe nani awe baba. Josepha naye alipendekeza tujaribu. Nilikataa, na ninaamini ungekuwa upande wangu.

4. Zamu. Hili ndilo lililoniumiza. Kumpeleka Josepha bandani lilikuwa wazo langu mimi. Nilikuwa nimeambiwa kuna filamu ya nahodha ambaye akitamka neno watu mia wanakimbia, nikaona itamfaa mama watoto, maana siku hizo alikuwa ameanza kunijibu kwa mkato. Nikamkalisha benchi la mbele. Alikuwa ametoka kazini asubuhi ile, akawa anasinzia, nami nikamgusa bega mara kadhaa asikose somo. Ikafika mahali mabaharia wanashuka chini kulala kwenye vile vitanda vyao vya kuning'inia, na Mulenda akasema kwa lafudhi yake ya kwao, "Muangaliye muzuri, bamama na bapapa. Uyu anamaliza zamu yake. Sasa analala, hakuna mutu wa kumuuliza kitu." Hapo usingizi ulimwisha Josepha. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akaomba kipande kile kirudiwe, na Nurudini, ambaye ukimwomba apunguze sauti hasikii, akakirudia.

Unajua kwamba binti yako anafanya zamu za usiku hospitalini Kabanga. Utaratibu wetu miaka yote umekuwa mzuri. Anarudi asubuhi na bodaboda, anachemsha chai, anawaandaa watoto, anafua, anapika cha mchana, na akipata nafasi anapumzika. Hakuwahi kulalamika, nami kwa busara sikuwahi kuuliza. Baada ya filamu ile alirudi asubuhi kutoka kazini, akaweka mkoba chini, akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, mimi nimetoka zamu." Akaingia ndani akalala. Nilikaa mezani nikingoja chai kwa imani, mpaka kengele ya shule ikanikuta palepale. Nikaenda kufundisha Kidato cha Pili, tumbo likinguruma, na walisikia mpaka nyuma. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho yake.

5. Nahodha mwenyewe hana msimamo. Nilitegemea walau yeye angenitetea. Lakini hizo ndizo hasara za historia ya kweli. Dhoruba ikianza, badala ya kukaa chumbani na kutoa maagizo kama kiongozi anayejiheshimu, anatoka nje, analowa kama kila mtu, anashika usukani pamoja na wenzake mpaka mikono inachubuka. Anajua nani anaumwa jino. Anajua nani hajala. Nikakaa pale natamani ateremke alale. Siku chache baadaye Josepha aliniuliza, tukiwa tumekaa wawili tu, "Sasa mwalimu, wewe hapa nyumbani unashika kamba ipi?" Nikamjibu kwamba mimi nashika uongozi. Akacheka. Angekasirika ningejua la kufanya, maana nimesomea saikolojia chuoni. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha machozi yakamtoka, nikadhani ni ya kicheko. Asubuhi yake alifunga mizigo.

6. Ndani hakuna maji. Hili halihitaji maelezo.

Usidhani nimekaa tu bila kuchukua hatua. Nilikwenda kwa kiongozi mmoja wa hapa kijijini kudai banda lifungwe, nikamkuta amekunja suruali hadi magotini anapiga deki ofisi, akaniomba nisikanyage palipolowa. Nikamwendea Mulenda. Nikamsihi kistaarabu kwamba anapotafsiri aruke mambo ya ndoo, sindano na masufuria, atupe vita tu. Alinisikiliza vizuri, akatikisa kichwa. "Mwalimu, vita naweza ruka, ile haina mambo. Lakini kazi siwezi ruka. Ile njo filme yenyewe." Ukimbizi haujamfundisha mtu huyu kutii wenye nchi.

Kwa hiyo nimeandaa pendekezo, ambalo baada yako nitalipeleka ngazi za juu. Kila filamu ya merikebu, kabla haijaonyeshwa nchini, iongezewe wanawake wasiopungua sita, ili ndoo na masufuria yawe mikononi mwa wenyewe na wanaume wabaki na upepo. Ninajua haikuwa hivyo. Lakini historia ikianza kuleta madhara majumbani ni wajibu wa sisi wataalamu kuirekebisha, na niko tayari kujitolea bila posho.

Kwako ombi langu ni dogo. Nakuomba umkalishe Josepha chini, umweleze kama mzazi kwamba nyumba si merikebu. Kwenye merikebu watu wamefungiwa pamoja miezi na miezi, wamechoka, chakula ni cha kubana, dhoruba haipigi hodi, na asiyefanya kazi anawaelemea wengine. Ndiyo maana wanagawana. Nyumbani kwetu mambo ni tofauti kabisa. Tofauti zenyewe nitakueleza tukionana.

Namheshimu sana binti yako, na hilo ulijue. Ni muuguzi ambaye wagonjwa humuulizia kwa jina. Ninachotaka ni arudi, akae, mambo yawe kama zamani. Nyumba imekuwa kimya mno, mpaka kuku nao wameanza kunitazama.

Mfikishie salamu zangu za heshima Mama Mkwe, na umwambie ule mhogo aliotutumia ulifika salama, ila uko kwenye gunia lile lile maana sijui unaanzwa vipi. Nawasalimu wanangu, wasiache kusoma. Namsalimu shemeji yangu Loyce, ambaye najua ndiye anayemjaza dada yake maneno, na hata hivyo namsalimu. Salamu kwa majirani wote wa pande zote za uzio, na kwa yeyote anayeniulizia, kama yupo.

Ni mimi mkweo, mwenye adabu nyingi na nyumba tupu,

Mwl. Anatoli.

N.B. Usishangae kuona barua haina muhuri wa posta. Nilikuwa nimpe kondakta wa basi, nikaogopa itapotea, nikapanda nayo mwenyewe. Sasa nimekaa kwenye duka la mama Antoinette, mkabala na geti lako, na yeye ndiye anayekuletea. Nilimuuliza habari za Josepha kwa kuzungukazunguka, naye akanieleza moja kwa moja. Anasema tangu Josepha afike Kakonko kazi yake ni kulala. Anaamka, anakula, anarudi kulala, na wiki ya kwanza mlidhani ana ugonjwa mkataka kumpeleka akapimwe. Anasema Mama Mkwe alikaa kitandani kando yake akilia. Baba, nimelala chumba kimoja na mtu huyu miaka yote hii na sikujua amechoka kiasi hicho. Nimeisoma tena barua yangu hapa kwenye benchi, na nimeona aibu kuanzia namba moja. Ningeichana, lakini mama Antoinette hana karatasi nyingine, na nadhani ni haki uijue akili ya mtu uliyempa mwanao. Nimeshampigia simu mkuu wa shule hapa hapa benchini, nikamwomba vipindi vya mchana, ili asubuhi Josepha akirudi kutoka kazini amkute mtu ndani anayefanya kazi za nyumba, na amekubali. Akitaka kuhamia Kibondo, mwambie nitaomba na mimi. Mama Antoinette anasema amemwona Josepha akiingia ndani kulala muda si mrefu. Tafadhali asiamshwe kwa ajili yangu. Nina siku nzima, nitasubiri hapa hapa.