Siri ya Mgonjwa, kwa Mfano

Jumatatu, 9 Septemba

Nimepata njia ya kumshinda Radjabu! Kamati ya kituo cha afya, hapa Gasenyi, itachagua mwenyekiti Jumamosi: mimi au yeye. Yeye alikuwa fundi wa injini za boti bandarini. Mimi nilifundisha maadili ya uuguzi hadi nilipostaafu. Nitatoa somo juu ya siri ya mgonjwa. Atajibu nini, na spana yake?

Kituoni nimemkuta Dorothée, muuza mandazi wa kona yetu, akimeza vidonge vya kifua kikuu. Kanishika mkono: nisimwambie mtu, wateja watakimbia, na watoto wake wanakula kwa mandazi hayo. Nimemhakikishia kuwa siri ikiingia kwangu haitoki.

Alhamisi, 12 Septemba

Somo lilikwenda vizuri sana mwanzoni. Kisha mzee mmoja akauliza siri ya mgonjwa ni kitu gani hasa. Mwalimu hufafanua kwa mfano. Nikasema: tuseme kuna mama, simtaji, anauza mandazi, ana kifua kikuu, amenisihi ninyamaze. Basi mimi nanyamaza!

Ukumbi mzima ukageuka. Dorothée alikuwa benchi la nyuma. Akajifunika kitenge usoni, akatoka. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Ijumaa, 13 Septemba

Adhuhuri, beseni la Dorothée bado limejaa mandazi. Nikasimama kando yake, nikawaeleza wapita njia, kwa sauti, kwamba dawa zikishafanya kazi mgonjwa haambukizi. Ni kweli kabisa. Waliokuwa hawajui, wakajua. Wakavuka barabara.

Nikakumbuka kanuni: mgonjwa akiridhia, unaruhusiwa kusema. Nikamwomba ridhaa. Kanitazama: “Mwalimu, kuku ulishamukula. Sasa ndiyo unaomba ruhusa ya kumuchinja?”

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumamosi, 14 Septemba

Radjabu kafika kwa Dorothée, kanunua mandazi, kayala palepale kwa chai, akilalamika tu kwamba haina tangawizi. Hakueleza chochote! Hata sababu moja! Akaja mtu, wakaja wengine. Beseni likaisha. Jioni kamati ikamchagua Radjabu. Niliona haya hata kuinua mkono.

Nikaenda kwa Dorothée kuomba msamaha. Amenisamehe, ila amenisihi nisiliguse tena jambo hilo. Nimelia kama mtoto. Moyo wa namna hiyo haufai kufichwa. Nimemwomba katekista kipaza sauti kwenye misa ya pili, ile yenye watu wengi, niungame vizuri. Vidonge nitavieleza kimoja kimoja, wasije wakaelewa vibaya.