Kiti cha Kando ya Hita

Jumatatu, 8 Julai

Baridi ya kukata masikio. Ukungu haukuondoka hapa kwetu Tarrow Bridge mpaka saa tano. Leo nimeapa: mwaka huu kile kiti ni changu!

Klabu yetu ya wasomaji ina watu sita na hita moja. Kando ya hita, pale maktaba, kuna kiti kimoja cha kuegemea, chenye mto. Miaka minne sasa anakikalia Beryl Stannage, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kujipachika. Mimi ni wa stuli ya mlangoni. Kila anayeingia ananiingizia upepo kiunoni.

Keshokutwa linafika buku la saba na la mwisho la Koo Tatu. Familia tatu za kifalme, kiti cha enzi kimoja, maiti hawahesabiki. Beryl ametunga kanuni: kila mmoja aandike jina la atakayetawala mwishoni, karatasi iingie kwenye kopo la biskuti kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Atakayepatia anahamia kando ya hita. Kaitunga akijua atapatia yeye. Kasoma mabuku yote sita, mara mbili!

Mimi nimesoma la kwanza. Hadi ukurasa wa 212. Mengine nayaokota kwa mke wangu Glenda, anayesimulia akiosha vyombo, nami nasikiliza nusu. Hakuna anayejua. Kwenye mikutano natikisa kichwa na kusema, "Inaumiza sana."

Jumanne, 9 Julai

Njia imepatikana! Kitabu kipya hakiwekwi rafuni kabla hakijavishwa plastiki. Anayevisha ndiye anayekishika kabla ya watu wote. Na mzee Ablett, mvishaji wetu wa kujitolea, ameteguka mkono.

Nikaenda kwa Tamsin, mkutubi, nikamwambia naona uchungu vitabu vikichakaa bila ulinzi. Akafurahi mpaka nikaona haya. Kwa dakika moja hivi.

Amenifundisha kwa kitabu cha kilimo cha viazi. Kimetoka na malengelenge ya hewa. Glenda kaniuliza nyusi zangu zimeganda gundi ya nini. Nikamjibu kuwa ni huduma kwa jamii.

Jumatano, 10 Julai

Limefika! Zito kama tofali. Tamsin kanisimamia mpaka mwisho: jaladala, ile karatasi ya nje ya kitabu, ndani ya plastiki, ukingo wake wa mbele, wanaouita ulimi, ukunjwe ndani na kubandikwa, ulimi wa nyuma vivyo hivyo, kwa gundi isiyotaka mchezo. Hakuna lengelenge hata moja! Kisha simu ikalia mbele, akatoka.

Nikarukia ukurasa wa mwisho. Bibi kizee anamenya viazi kwenye mvua. Basi! Hakuna taji, hakuna hata jina. Mwandishi gani huyu?

Nikafungua ndani ya jalada la nyuma. Mti wa ukoo! Kila jina na kimsalaba pembeni yake: marehemu, marehemu, marehemu. Wamefyekwa wote! Isipokuwa mmoja, kule ukingoni, pale ulimi niliobandika unapoanzia. Hesk wa Sund. Jina tupu, msalaba hana.

Kumbe ni Hesk! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 11 Julai

Karatasi imeingia koponi saa tano na nusu. HESK, kwa herufi kubwa.

Nikakutana na Beryl kwenye duka la mikate, amebeba pai yake ya nyama. Akaniuliza kama nimerudia buku la sita. Nikasema nimerudia, nikalia pale darajani. Akasema buku la sita halina daraja. Nikamwambia kuna madaraja ya moyoni. Akaniambia, "Clive Hornibrook, wewe furahia stuli yako." Nikamnunulia kipande cha keki ya nazi. Mshindi ni mtu wa huruma!

Saa moja jioni. Nimekwisha! Nilimuuliza Glenda, juu juu tu, huyo Hesk ni mtu wa namna gani. Akasema alikuwa mtu mzuri, maskini, ila alizama mtoni buku la tatu na farasi wake. Nikauliza kama ana uhakika. Akasema alimlilia wiki nzima na mimi nikamwambia, "Inaumiza sana."

Ndipo nikaelewa. Sehemu ya ule mti imefunikwa na ulimi wa jaladala. Nimeubandika mwenyewe! Msalaba wa Hesk uko chini ya gundi yangu!

Jumamosi watasoma mbele ya wote kuwa nimempa ufalme mtu aliyezama miaka mingi iliyopita. Watajua sijasoma kitu. Hata stuli nitanyang'anywa.

Ijumaa, 12 Julai

Kopo liko jikoni kwa Beryl. Nikachuma mfuko wa malimau uani kwetu, nikaenda kama jirani mwema. Mpango: anipe mgongo akichemsha chai, nami nichomoe karatasi.

Hakunipa mgongo. Alichemsha chai kopo likiwa kwapani. Akaketi, akalipakata. Tumezungumza saa mbili kuhusu goti lake. Nilipoaga akasema malimau yamemjaa, mti wake pia umezaa. Nimerudi na mifuko miwili.

Glenda kashauri niseme ukweli. Nikamwambia bado hatujafikia huko.

Jumamosi, 13 Julai

Ngoja nieleze kwa mpangilio.

Tamsin ndiye mwamuzi. Amesoma buku zima kwa siku mbili, macho mekundu. Akafungua kopo, akasoma karatasi. Watatu wameandika Malkia Aldith, Beryl akiwa mmoja wao. Wawili binamu yake Aldith. Kisha yangu. Chumba kizima kilicheka. Beryl alifuta machozi, akaniuliza kwa upole kama kwetu maiti huwa wanavishwa taji.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, kofia mkononi.

Tamsin hakucheka. Alikuwa ameshika shavu. Akasema, "Hesk hakuzama."

Hakuzama! Kafichwa na wavuvi tangu buku la tatu! Karudi sura ya mwisho kasoro moja, kakalia kiti cha enzi! Nikarudi ndani polepole. Nikasema nilikuwa nakwenda kuning'iniza kofia.

Beryl akaruka. Wizi! Clive ndiye aliyevisha kitabu, kachungulia mti wa ukoo! Akalinyakua buku, akaingiza kucha, akaung'oa ulimi wa nyuma, kraaa, mbele ya mkutubi. Wote tukainama kutazama.

Chini yake kulikuwa na majina manne yasiyo na msalaba, la Aldith likiwa la kwanza. Na pembeni ya Hesk, msalaba mweusi, mnene, mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona! Tamsin akaeleza kuwa mti umechorwa na mtawa wa ndani ya hadithi, naye aliamini Hesk amekufa kama tulivyoamini sote. Mchunguliaji angeandika Aldith. Akamtazama Beryl, kisha kipande cha jaladala mkononi mwake. Akamwambia, "Bi Beryl, hapo umemsingizia mwenzako."

Beryl akaniomba radhi. Kwa sauti! Mbele ya watu watano! Akauliza nilijuaje. Nikashusha pumzi, nikasema Hesk sikuwahi kumkatia tamaa.

Kiti ni laini kuliko nilivyodhani. Nimeungua mguu wa kushoto kidogo. Raha tupu!

Jumapili, 14 Julai

Mwenye kiti ndiye wa kwanza kuazima buku, na Jumamosi ijayo aongoze mjadala. Liko hapa mezani, kurasa 1,104. Glenda anasema ni nafasi nzuri ya kulisoma. Nilisome la nini? Mwisho naujua.

Tena Tamsin amedokeza kuwa mwezi wa tisa unakuja mfululizo mpya wa mabuku tisa, koo tano. Nimeomba niyavishe yote.

Glenda kauliza kama wiki hii imenifunza chochote. Imenifunza sana. Nimemwambia safari ijayo nitautazama mti wa ukoo wote, kona hadi kona, kabla sijagusa gundi.